Doa na Dhima

Miongoni mwa sanaa za kamera iko moja ambayo kwayo mpiga picha huisogeza lenzi karibu mno na kitu kilichochakaa, liwe bati lililoliwa na kutu, ukuta uliobanduka rangi au jiwe la mtoni lililoganda uchafu, hata umbo la kitu chenyewe likapotea, zikabaki rangi na mistari tu, nasi tukaitazama picha hiyo kwa furaha ileile ya kutazama nakshi ya mlango. Furaha hiyo ni halali, kwani Muumba hakuufunga uzuri katika vilivyo vipya na vizima pekee. Suali linalonishughulisha ni lile linalofichwa na ukaribu huo.

Natuchukue mifano miwili ya pande hizi za Engutoto, Arusha. Maji ya chemchemi nyingi za Mlima Meru, ambao kimo chake ni mita zipatazo 4,560, hupita katika miamba na majivu ya volkano, yakachukua floridi kupita miligramu 1.5 kwa lita, mpaka uliowekwa na Shirika la Afya Duniani. Na mtoto anayeyanywa wakati meno yake ya ukubwani yangali yakijijenga ndani ya ufizi, huota meno yenye madoa ya hudhurungi yasiyotoka kwa mswaki. Mto Themi nao, uteremkao kutoka mlima huohuo na kuukata mji wa Arusha, hupokea njiani mafuta machafu ya gereji, maji ya sabuni na taka za majumbani, hata mawe yake yakavaa utando. Ikikaribishwa lenzi kwa jino na kwa jiwe, picha hizo mbili zaweza kufanana hata mtu asijue ipi ni ipi, ilhali katika moja mlima umemtia mtu doa, na katika ya pili mtu ameutia doa mto.

Hukumu, basi, haitoki katika dhahiri ya kitu, ila katika kuijua sababu yake. Pengine msomaji atasema kwamba jambo ni jepesi: doa la jino ni kadari, na doa la jiwe ni dhambi. Lakini pale Ngurdoto, mashariki ya Arusha, kipo kituo cha utafiti cha Serikali kilichoshughulikia njia ya kupunguza floridi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Na tangu elimu hiyo ipatikane, kila jino jipya linalotiwa doa limehama, kwa sehemu yake, kutoka daftari la kadari hadi daftari la wale wenye kuijua dawa na uwezo wa kuifikisha, wasiifikishe.

Kwa sababu hiyo sioni haja ya mpiga picha kuiacha sanaa yake, ila naona anawiwa na mtazamaji maneno machache chini ya picha: doa hili ni la wapi, limetoka kwa nani, na laondolewa vipi, maana uzuri uliotengwa na sababu yake humzoeza mtu kuridhika na jambo lililompasa kulitengeneza.