Usikiache Kidonge

Mjomba, kaa hapa. Haya nimeshayasema mpaka nimechoka, lakini mama yako kanambia umeacha dawa kwa sababu unajiona mzima.

Bandama lilipovimba, tumbo likawa gumu upande wa kushoto, wengine walisema malaria, wengine umerogwa. Kipimo cha damu ndicho kilichosema kweli: chembe nyeupe zimezidi mno, nayo ni aina ya saratani ya damu. Saratani hii huanzia ndani ya uboho, pale kromosomu ya 9 na ya 22 zinapobadilishana vipande. Watafiti wawili wa mji wa Philadelphia waliiona kromosomu ya 22 iliyofupika mwaka 1960. Hukuirithi kwa marehemu baba yako, wala hutamrithisha mwanao. Mchawi muacheni apumzike.

Zamani aliyepatwa na ugonjwa huu alihesabiwa miaka michache tu. Mwaka 2001 Marekani ikaidhinisha imatinibu, ndicho kidonge chako hicho, nayo huifunga ile protini inayouamrisha uboho kuzaa chembe bila kikomo. Nimesema huifunga, mjomba, haiing'oi. Hesabu ya kawaida ya damu inaweza kuwa safi kabisa huku kipimo cha PCR kikiona mabaki ya ugonjwa. Wapo wanaoachishwa dawa, ila baada ya miaka ya majibu mazuri, na bado hupimwa mara kwa mara. Hao waliachishwa na daktari. Wewe umejiachisha.

Kwamba kidonge kinasumbua, najua: macho kuvimba, misuli kukaza usiku, kichefuchefu. Kimeze pamoja na chakula na glasi kubwa ya maji. Balungi usile, na ile mizizi ya jirani usiinywe bila kumwambia daktari. Kikikushinda, zipo dawa nyingine, kama dasatinibu na nilotinibu. Lakini kuruka dozi kunaupa ugonjwa nafasi ya kuwa sugu, na ukishageuka ule mkali wa ghafla, hata kupandikizwa uboho huwa kazi nzito.

Tena hukinunui! Shirika la Max Foundation limesaidia wagonjwa wa nchi nyingi, Tanzania na Kenya zikiwemo, wakapata dawa hii bure. Wapo walioumwa saratani nyingine wakauza shamba.

Basi kesho asubuhi nenda kliniki. Mtajie daktari siku zote ulizoruka, usimfiche hata moja, asije akadhani dawa imeshindwa akakubadilishia bure.