Kubisha Hodi kwa Lugha



Wenzetu wanaokwenda Uhispania kusoma Kihispania, au Misri kusoma Kiarabu, mara nyingi huambiwa wakae na familia ya wenyeji. Ushauri ni mzuri: darasani utapata sarufi, jikoni utapata lugha yenyewe. Mimi sikwenda mbali hivyo. Nimetoka Tanga kuja Kampala kuchukua shahada ya Masomo ya Kiislamu, na likizo ndefu iliyopita nilikaa na familia ya Waganda hapa Nakasero, karibu na soko, ili nijifunze Luganda. Ni Wakristo: baba, mama na wavulana wawili. Nililipa kila mwezi, lakini tangu siku ya kwanza mama aliniita omugenyi, yaani mgeni. Hakuniita mpangaji.

Kwa Mswahili, Luganda si lugha ya mbali. Nyumba ni ennyumba, maji ni amazzi, kula ni okulya. Kinachosumbua ni kasi. Wenyeji wangu walisema nami kwa Kiingereza, na wao kwa wao kwa Luganda. Kwa wiki sita maneno yao yalinipita tu. Wiki ya saba nikaanza kuyashika.

Jioni moja nilirudi kutoka msikitini, nikakaa kula na watoto. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Nikamsikia mama akimwambia mumewe kuwa ada ya shule haijatimia na fedha ya chakula imepungua. Kisha akasema: "Omugenyi tomugamba." Mgeni usimwambie. Nikatazama sahani. Yangu ilikuwa na matoke na nyama. Za watoto zilikuwa na matoke na mchuzi wa karanga.

Usiku ule sikulala vizuri. Tunajua kuwa Mtume (s.a.w.) alimuwekea mgeni haki zake, na pia akamkataza asikae hadi akamtia mwenyeji wake katika dhiki. Basi ilinipasa kufanya jambo. Lakini ningefanyaje bila kuonyesha kwamba nimesikia nisichoambiwa? Surat Al-Hujurat inakataza kuchunguzana. Je, nilikuwa nimechunguza?

Rafiki mmoja chuoni alinijibu haraka: "Hukutega sikio. Sauti imekujia yenyewe, huna dhambi." Kwa usiku wa kwanza nakubaliana naye, maana jicho lina kope lakini sikio halina. Tatizo ni usiku wa pili. Baada ya kujua kwamba naelewa, nao wakiendelea kuamini kwamba sielewi, kila nikikaa kimya pale sebuleni nimo ndani ya chumba ambacho hawajanikaribisha.

Hapo ndipo nilipokumbuka somo la isti'dhan. Surat An-Nur inatufundisha tusiingie nyumba zisizo zetu mpaka tuombe ruhusa na kuwasalimu wenyewe. Tumezoea kuifikiria aya hii kwa mlango wa mbao. Mimi naona lugha ya nyumbani nayo ni mlango. Watu hujisitiri ndani yake kama wanavyojisitiri nyuma ya pazia, na anayejifunza lugha hiyo hupita siku moja bila hata kujua kwamba amevuka kizingiti. Akishajua, wajibu wake ni kupiga hodi, ingawa amechelewa.

Asubuhi nilimwendea mama akimenya matoke. Nikamwamkia, kisha nikasema: "Maama, kati Oluganda ndutegeera." Sasa Luganda naielewa. Kisu kikasimama. Akanitazama kitambo, akacheka kidogo, akaendelea kumenya. Sikutaja fedha wala nyama.

Hodi ile ilikuwa na gharama. Kwa siku kadhaa walifunga mlango wa jikoni, na mimi nikakosa mazungumzo yaliyonifundisha kuliko kitabu chochote. Lakini Surat An-Nur hiyo hiyo inasema ukiambiwa urudi, urudi, na ni bora kwako. Nikarudi kwenye daftari langu.

Wiki iliyofuata mama aliniita, akanieleza mwenyewe habari ya ada, kwa Luganda, polepole, ili nisikose neno. Habari ilikuwa ile ile niliyoisikia, ila sasa ilikuwa amana niliyopewa. Hapo niliweza kusema wazi: nyama tugawane sote, na fedha ya chakula niongeze. Aliikubali ya kwanza, ya pili akaikataa. Tukaafikiana niwafundishe watoto Kiswahili, na Jumamosi nimbebee mizigo ya sokoni. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Langu lilichelewa kwa sababu nilikuwa sijaliomba.

Ndugu yangu unayejiandaa kwenda kuishi na watu ili upate lugha yao, nenda, Mwenyezi Mungu akufungulie. Lakini siku utakayoanza kuwaelewa, waambie.

Wallahu a'lam.