Mvuto wa Mapenzi ya Ujana na Uadilifu wa Mhakiki: Mfano wa Filamu ya Bobby

Mhakiki anayekwenda kutazama filamu ya mapenzi akiwa amekwisha kuidharau, kisha akatoka akiwa amevutiwa nayo, hukabiliwa na swali la kimaadili wala si la ladha pekee. Je, aikane raha hiyo kwa kuwa nadharia yake haiiruhusu, au aikiri? Makala haya yanashikilia kwamba kuificha raha hiyo ni udanganyifu, na kuikiri bila kuihoji ni uvivu.

Swali hili si geni. Katika Jamhuri, Plato aliufukuza ushairi wa uigaji kutoka katika dola yake bora, ilhali alikiri kwamba ulimvutia. Aliacha mlango wazi kwa yeyote atakayethibitisha kuwa ushairi, licha ya kupendeza, una manufaa.

Filamu ya Kihindi Bobby (1973), iliyoongozwa na Raj Kapoor, ni mfano mwafaka. Sababu za kuidharau hazikosekani. Kapoor aliitengeneza baada ya Mera Naam Joker (1970) kumtia hasara kubwa, hivyo haja ya fedha ilikuwa dhahiri. Kisa chenyewe kimezoeleka: Raja, mwana wa tajiri wa dini ya Kihindu, anampenda Bobby, binti wa mvuvi Mkristo wa asili ya Goa, wazazi wanagombana na vijana wanatoroka. Visa vya aina hii vilijaza sinema za Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam kwa miongo kadhaa, huku uhakiki wa kitaaluma ukivipa nafasi ndogo.

Hata hivyo, Bobby anapomfungulia Raja mlango, mikono yake imejaa unga. Anaposukuma nywele nyuma, anazipaka unga huo bila kujua. Hapo dharau hulegea. Lakini kinachovutia si urembo mtupu. Kijana anayetoka katika jumba la karamu amekutana na mtu aliye kazini, asiyejiandaa kutazamwa. Mvuto wenyewe umebeba habari za tabaka.

Hali kadhalika mwisho wa filamu. Baba yake Raja alikuwa amemtuhumu mvuvi kuwa anamtumia bintiye kama chambo cha kunasia mali. Vijana wanapojitosa majini, tajiri anamwokoa Bobby na mvuvi anamwokoa Raja. Mwenye dharau ataiita sadfa ya kupangwa, na hatakuwa amekosea. Lakini aliyevutiwa, maadamu hakuyaondoa macho yake, ataona kwamba tajiri amemkumbatia mtoto yule yule aliyemkataa.

Ni hapa ambapo raha yapaswa kuhojiwa. Kupatana kwa wazee wawili hakugusi mfumo uliowatenganisha. Mtazamaji anaombwa aupokee upatanisho wa familia mbili kana kwamba ndio haki yenyewe. Anayesema hivyo baada ya kukiri kuvutiwa huzungumza kwa uzito zaidi, kwani anaonya kuhusu nguvu aliyoionja. Asiyevutiwa kamwe huishia kuwahukumu watazamaji kwa machozi ambayo hakutaka kuelewa yalikotoka.

Basi uadilifu wa mhakiki hauko katika kutoguswa. Uko katika kueleza kwa ukweli alipoguswa, kilichomgusa, na kile ambacho mguso huo ulikaribia kumfanya asikione.