Mgeni Anayelipa Kodi

Vuli ya kwetu huleta mvua. Ya hapa Leipzig hupukutisha majani. Mwanzoni mwa Oktoba, siku chache kabla ya masomo kuanza, nilikwenda stesheni kumpokea kijana kutoka Tanga. Yeye anaanza shahada ya kwanza, mimi niko mwaka wa pili wa uzamili katika falsafa, na nilikuwa nimempangisha chumba changu cha pili.

Tulipofika nyumbani alifungua begi, akanipa doti ya kanga na viungo vya chai. "Mama amesema nisije mikono mitupu, dada."

Nilishukuru huku nikiona haya. Kodi ya nyumba nzima ni euro 640. Yeye nilimwambia alipe 400.

Utetezi nilikuwa nao: bei alikubali mwenyewe. Hata Kant angeonekana kuniunga mkono. Katika kitabu chake cha mwaka 1795 kuhusu amani ya kudumu, anasema mgeni ana haki ya kutotendewa kama adui afikapo nchi ya watu. Lakini kukaa nyumbani kwa mtu ni jambo jingine. Hilo lataka mapatano maalumu. Sisi tulipatana.

Ila tulipatanaje? Hapa Ujerumani mtu akihamia nyumba ana wiki mbili za kujiandikisha manispaa, na lazima apeleke karatasi iliyosainiwa na aliyempa makazi. Aliyempa makazi ni mimi. Angekataa bei yangu, angelala wapi, na karatasi angesainiwa na nani? Mimi nilizijua hesabu zote. Yeye alijua moja tu, ile niliyomtajia.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu nilimkuta ameosha vyombo na kufagia jiko. Akauliza, bila hila yoyote, "Dada, nyumba nzima ni kiasi gani?"

Ningeweza kudanganya. Nilikwenda kuchukua mkataba, nikauweka mezani.

Akausoma polepole. "Kwa hiyo na wewe nilikuwa nakulipia?"

Tuliandika upya: 320 kila mmoja.

Nimeufikiria sana ule msemo wa jembe. Zamani niliuona kama namna ya kumchoka mgeni. Sasa naona jembe humtoa kwenye deni la shukrani: akilima sehemu yake, anaweza kukaa mezani na kubisha. Kwa hiyo kodi haiharibu ukarimu. Kilichouharibu ni mimi kumpa jembe la watu wawili, kisha nikapokea kanga ya mama yake kana kwamba namfadhili.

Kesho yake aliniamkia kama kawaida. Lakini tangu siku ile, nikirudi kutoka dukani na mkate au sabuni yetu, huomba risiti. Nami humpa.