Wimbo wa Malaika na Neno la Amani



Katika Dominika zote nne za Adventi wimbo wa Utukufu hauimbwi katika Misa. Kanisa huunyamazisha kwa makusudi, ili usiku wa Noeli usikike upya, kana kwamba malaika wa Betlehemu ndio kwanza wanaushusha kwa wachungaji. Nao ni wimbo wenu pia. Mkatekumeni bado haijongei meza ya Bwana, lakini Utukufu huuimba pamoja na waliobatizwa tangu mwanzo hata mwisho, wala hapunguziwi neno.

Basi na ajue anachoimba. Malaika walianza kwa kumtukuza Mungu aliye juu, kisha papo hapo wakawatakia watu amani hapa duniani. Maneno mawili, pumzi moja. La kwanza ni jepesi kinywani. La pili ni zito.

Padre mmoja wa Italia aliuona uzito huo akauweka katika muziki. Jina lake ni Antonio Vivaldi, aliyezaliwa Venezia mwaka 1678 na kupewa upadre mwaka 1703. Watu walimwita Padre Mwekundu kwa sababu ya nywele zake. Mwaka ule ule wa upadre wake alianza kufundisha muziki katika nyumba iitwayo Pietà, iliyopokea watoto wachanga waliotupwa na wazazi wao. Wasichana waliolelewa humo walijifunza kuimba na kupiga vinanda, hata wageni wakatoka nchi za mbali kuja kuwasikiliza. Waliimba kanisani juu rosharini, nyuma ya nyavu za chuma. Watu walizisikia sauti, nyuso hawakuziona. (Waimbaji wa siku hizi wanaogombania mstari wa mbele na wafikiri kidogo juu ya nyavu hizo.)

Vivaldi alitunga Utukufu kwa ajili ya nyumba kama hiyo ya watoto wasio na kwao. Baada ya kifo chake mwaka 1741 wimbo huo ulisahauliwa karibu miaka 200, mpaka ulipoimbwa tena katika mji wa Siena mwaka 1939. Siku hizi huimbwa duniani kote, na hasa wakati wa Noeli, katika makanisa ya kale na ya sasa.

Mwanzo wake ni furaha tupu. Tarumbeta inalia, vinanda vinakimbia, waimbaji wote wanatamka utukufu kwa pamoja, kwa nguvu. Lakini wafikapo kwenye neno la amani, tarumbeta inanyamaza. Mwendo unakuwa wa polepole, na sauti ya muziki inageuka kuwa ya huzuni. Sauti moja inaanza, ya pili inaifuata, kisha ya tatu na ya nne. Kila moja ina njia yake, zinagusana, zinaumizana kidogo, ndipo zinapatana. Sehemu hii ni ndefu kuliko ile ya furaha. Asikiaye mara ya kwanza hushangaa: je, amani ni jambo la kulilia? Padre yule hakukosea. Utukufu Mungu anao tangu milele, hata tusipoimba. Amani ndiyo iliyopungua duniani, na apungukiwaye na kitu hukiomba kwa machozi.

Watu wa Lubunga hawahitaji kufafanuliwa sana jambo hili. Mwaka 2023 ugomvi juu ya ardhi kati ya Wambole na Walengola ulifika hata upande huu wa kushoto wa mto. Nyumba zilichomwa moto, watu waliuawa, na wengi walivuka mto kwenda kutafuta mahali pa kulala ng'ambo, katika mji wa Kisangani. Waliouawa walikuwa na mama zao, wa upande huu na wa upande ule. Katika benchi moja la kanisa anaweza kukaa mtu aliyepoteza nyumba karibu na mtu ambaye ndugu zake wanashukiwa kuichoma.

Hapo swali linazuka, nalo ni swali la haki: Je, mtu ambaye moyo wake haujaweza kusamehe anyamaze lifikapo neno la amani?

La. Bwana Yesu alifundisha kwamba mwenye ugomvi na ndugu yake aiache sadaka yake mbele ya altare, akapatane naye kwanza. Hakusema aondoke asirudi. Anayeimba amani huku akipanga kisasi, huyo anasema uongo mbele ya Mtoto wa Betlehemu, na heri kwake kama angefunga kinywa. Lakini anayeimba huku jeraha likimuuma, akimwomba Mungu ampe nguvu asiyo nayo bado, huyo hadanganyi. Anasali.

Basi katika mazoezi ya nyimbo za Noeli, mkatekumeni asione haya sauti yake ikitetemeka mahali pale. Na akiwa yuko jirani ambaye hajamsalimu tangu nyumba zilipochomwa, Adventi ina majuma manne. Salamu ya kwanza yaweza kuwa fupi sana: "Habari ya asubuhi, mama." Asipojibiwa, kesho yake apite tena njia ile ile.