Nani Anayetahiniwa?

Katika mazungumzo ya watu wa Unguja neno "mtihani" lina maana mbili, na mtoto huzijua zote mbili kabla hajamaliza darasa la kwanza. Mtu akifiwa, au akiunguliwa na nyumba, au chombo chake kikipotea baharini, husemwa kuwa amepata mtihani. Hapo hapana karatasi wala msimamizi. Na wazee wetu hufahamu vyema kwamba katika mtihani wa namna hiyo mwenye msiba si mtahiniwa wa pekee. Jirani naye anatazamwa: atakuja kushika mkono, au atarudisha dirisha lake? Maana ya pili ni ile ya skuli, ya kalamu na alama. Katika makala haya twataka kuuliza kama maana hizi mbili zimeachana kwa kadiri tunayodhani.

Tuitazame Kiwengwa, kijiji cha pwani ya mashariki ya Unguja katika Wilaya ya Kaskazini B, ambako upande mmoja wa barabara ni minazi na nyumba za wenyeji, na upande wa bahari yamepangana mahoteli yaliyoanza kujengwa kwa wingi katika miaka ya 1990. Matokeo ya kusoma na hesabu yanapofika katika kijiji kama hiki, mambo huenda kwa desturi. Wazazi hutafuta jina la mtoto, kisha hutafuta jina la mtoto wa jirani. Aliyeanguka huambiwa kichwa chake kizito, naye akiambiwa hivyo mara mbili tatu huanza kusadiki. Hatujapata kumsikia mzee akisimama barazani na kusema: "Sisi tumeanguka."

Wako wanaolijibu jambo hili kwa kuutupa mtihani wenyewe. Husema kwamba mtoto wa pwani ana elimu yake ambayo karatasi haiioni. Kwa upande mmoja wana haki. Mtoto wa mvuvi anajua kwamba bamvu hufuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, kwamba baina ya bamvu moja na jengine ni kama siku 15, na kwamba maji yaliyojaa leo saa fulani kesho yatachelewa kiasi cha dakika 50. Hii ni hesabu, tena hesabu ambayo ukiikosea ngalawa hukwama juu ya mwamba. Mtahini aliyetunga maswali mezani hakuiuliza.

Lakini hoja hiyo, tukiifuata hadi mwisho wake, itatupeleka pabaya. Bahari haiandiki mikataba. Mama anayeuza mwani mkavu kwa kilo, akiwa hawezi kuisoma mizani wala kuzidisha uzito kwa bei, anauza kwa imani ya mnunuzi. Mwenye shamba la minazi aliyewekewa karatasi atie kidole gumba, hajui kama amekodisha au ameuza. Kijana anayeomba kazi hotelini huulizwa kwanza kama anaweza kujaza fomu. Kumwambia mtoto huyu kwamba ujuzi wake wa maji kupwa na kujaa unamtosha ni kumsifu kwa maneno na kumnyima kwa vitendo. Sifa za namna hii hutolewa zaidi na watu ambao watoto wao wamekwisha kujua kusoma.

Basi alama tusizitupe. Tuzisikilize kama tunavyomsikiliza shahidi, ambaye kwanza huulizwa: umeona nini, na ulikuwa umesimama wapi?

Zanzibar ilishiriki, pamoja na nchi nyingine za kusini na mashariki ya Afrika, katika uchunguzi mkubwa wa wanafunzi wa darasa la sita unaojulikana kwa kifupi SACMEQ, uliofanywa mwaka 2000 na tena mwaka 2007, katika kusoma na katika hesabu. Wengi waliosikia matokeo yake waliiona namba 500 wakadhani ni nusu ya 1,000. Sivyo. Namba 500 iliwekwa kuwa wastani wa wanafunzi wa nchi zote zilizopimwa mwaka 2000, ili kila nchi ijue imesimama wapi mbele ya wenzake na mbele ya jana yake. Mwaka 2000 Zanzibar ilikuwa chini ya mstari huo katika masomo yote mawili. Mwaka 2007 kusoma kulipanda kukauvuka. Hesabu ilisogea kidogo tu, ikabakia chini yake. Tanzania Bara ilitupita mara zote mbili. Shahidi amesema. Lakini hakusema kwamba watoto wa visiwani wana vichwa vizito, wala hakuulizwa hilo.

Hapa panahitaji uangalifu. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliagiza kwamba hesabu na sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Nia ilikuwa njema: kumwandaa mtoto kwa sekondari, ambako Kiingereza kinamngoja. Lakini mfikirie mtoto wa Kiwengwa anayeulizwa kwa Kiingereza ni mananasi mangapi yaliyosalia baada ya mengine kuuzwa. Akikosa, je, amekosa kutoa, au hakulifahamu neno lenye maana ya "kusalia"? Alama ni moja, na sababu ni mbili. Mwalimu anayesahihisha hawezi kuzitenganisha. Ni ajabu kidogo kwamba katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 lugha ya Unguja ndiyo iliyochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu kwa Afrika Mashariki nzima, na mjukuu wa waliokisema Kiswahili hicho akaambiwa afikiri hesabu zake kwa lugha nyingine. Chuoni tunasoma kwa Kiarabu maneno ambayo wengi wetu hatuyajui maana, na tunataraji thawabu, kwa kuwa ile ni ibada. Kukariri swali la hesabu usilolifahamu hakuna thawabu yoyote.

Hata hivyo lugha si jambo zima, na jambo linalotushughulisha zaidi ni jingine. Chukua darasa la wanafunzi 10. Watano wana alama 80, watano wana 20. Wastani ni 50. Mwalimu ana saa moja ya ziada kila siku. Akiwapa saa hiyo wale wa juu wakafika 94, na wale wa chini kwa kuachwa wakashuka hadi 16, wastani utakuwa 55. Skuli imepanda. Mwalimu atapongezwa. Na watoto watano wamezama kuliko walivyokuwa.

Hatusemi kwamba walimu wetu hufanya hivi kwa ubaya. Mwalimu hufuata kile anachopimwa nacho, kama baharia anavyofuata nyota aliyoonyeshwa. Kwa miaka mingi sifa za skuli zimehesabiwa kwa idadi ya waliochaguliwa kwenda skuli za vipawa na michepuo, na si kwa idadi ya waliokuwa hawajui kusoma wakajua. Lakini tukiulizwa lipi la haki, hatuoni namna ya kujibu isipokuwa kwamba saa ile ni ya wale watano wa chini. Mwenye 80 amekwisha kupata ufunguo, na kufuli nyingine atazifungua mwenyewe, japo kwa kuchelewa. Asiyejua kusoma kila ukurasa kwake ni ukuta. Tarehe 23 Septemba 1964 ilipotangazwa kwamba elimu ni bila ya malipo, haikutangazwa kwa ajili ya wastani. Ilitangazwa kwa ajili ya kila mtoto, kwa jina lake.

Pengine mtasema tunamdhulumu mwerevu. Tumelifikiri hilo, na linatuuma, maana taifa linahitaji madaktari na wahandisi kama linavyohitaji watu wanaojua kusoma mkataba. Lakini mwerevu anaweza kupewa kitabu na kumsomea mwenzake. Tulipokuwa wadogo tulifundishwa jedwali la saba na mtoto aliyetuzidi darasa moja, na hakupungukiwa kitu.

Kwa hiyo, matokeo yatakapobandikwa tena, twaomba iulizwe kwanza, kabla ya jina la wa kwanza: ni wangapi walioshindwa kusoma aya moja wakaifahamu, na ni nani atakayekaa nao? Si lazima awe mwalimu peke yake. Yupo binamu aliyemaliza kidato cha nne. Yupo mzee mstaafu anayeshinda barazani. Na ipo saa moja ya alasiri, baina ya kutoka skuli na kwenda chuoni, ambayo mpaka leo hakuna aliyeidai.