Warithi wa Ventura

Hukumu inayotolewa kwa wepesi mno dhidi ya wanamuziki vijana wanaopiga hevi metali kwa mtindo wa zamani ni kwamba wao ni wanakili tu, na kwamba albamu zao za kwanza hazistahili kusikilizwa kwa kuwa kila kilichomo kilikwisha kusemwa na wakubwa wao miaka ya themanini. Hukumu hiyo inaudhi, si kwa kuwa haina chembe ya ukweli, bali kwa kuwa huchukulia kwamba kurithi ni kazi rahisi, na kwamba mrithi hana wajibu wowote kwa waliomtangulia. Kisa cha bendi ya Night Demon, inayotoka Ventura, mji wa pwani ulio kaskazini-magharibi mwa Los Angeles katika jimbo la California, chatosha kuonyesha ufinyu wa dhana hiyo.

Hevi metali ni tawi la muziki wa roki lililochipuka Uingereza katika kipindi cha kuelekea mwaka 1970, na sifa yake kuu ni gitaa la umeme ambalo sauti yake hukwaruzwa makusudi kwa nguvu ya amplifaya. Wimbo wake hujengwa juu ya rifu, yaani kifungu kifupi cha gitaa kinachorudiwarudiwa na kubeba wimbo mzima kama nguzo inavyobeba paa. Bendi ya Black Sabbath ya Birmingham, mji wa viwanda, ilitoa albamu yake ya kwanza Februari 1970, na mpiga gitaa wake, Tony Iommi, alikuwa amekatwa na mashine ya kiwandani ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, ambao kwake, kwa kuwa ni wa shoto, ndio mkono wa kubania nyuzi. Alijitengenezea vifuniko vya plastiki vya kuvisha vidole hivyo, na baadaye akalegeza nyuzi ili zisimuumize, hivyo kwamba uzito wa sauti ambao leo huhesabiwa kuwa mtindo ulitokana kwa sehemu kubwa na jitihada za kijana wa kiwandani aliyekataa kuacha kupiga.

Mwaka 1979 jarida la Sounds la London lilizikusanya bendi changa zilizokuwa zikiibuka nchini humo chini ya jina moja, wimbi jipya la hevi metali ya Uingereza, na humo ndimo walimotokea Iron Maiden, Angel Witch na Diamond Head, ambao albamu yao ya kwanza ya 1980 waliitoa wenyewe katika jalada jeupe lisilo na picha. Mtu anapotaja hevi metali ya mtindo wa zamani, kwa kawaida huwa na maana ya muziki wa bendi hizo na wa wenzao wa wakati ule: mwendo wa kasi, rifu zinazoshikika upesi kichwani, na mwimbaji anayeimba kwa lahani inayosikika wazi badala ya kunguruma kama ilivyokuja kuwa desturi katika matawi ya baadaye. Mtindo huo haukuachwa kwa sababu ulikuwa umekauka. Nyingi kati ya bendi hizo zilitoa sahani moja au mbili kisha zikavunjika, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 kampuni za rekodi zilihamia kwenye aina nyingine za roki zilizokuwa zikiuzika, zikaliacha shamba lile likiwa bado na rutuba.

Katika shamba hilo ndimo Night Demon walimoingia na albamu yao ya kwanza, Curse of the Damned, iliyotoka Januari 2015, wakiwa watu watatu: Jarvis Leatherby aliyeimba huku akipiga gitaa la besi, Brent Woodward kwenye gitaa na Dustin Squires kwenye dramu. Idadi hiyo si jambo dogo, kwani katika bendi ya watatu mpiga gitaa anapoacha rifu na kupanda juu kupiga peke yake hakuna gitaa la pili la kuziba pengo lililo chini yake, na ni besi na dramu ndizo zinazopaswa kuushika wimbo usianguke. Nyimbo za albamu hiyo ni fupi na hazina mapambo, kila moja ina kiitikio ambacho msikilizaji anaweza kukiimba baada ya kukisikia mara ya pili, na kwa ajili hiyo hakuna pa kujificha, kwa sababu rifu dhaifu katika wimbo wa namna hiyo hujulikana papo hapo.

Msomaji wa ushairi wa Kiswahili hawezi kupata taabu ya kulielewa jambo hili. Hakuna anayemshutumu malenga kwa kutunga utenzi wenye mizani nane katika kila kipande na kina cha bahari kinachorudi mwishoni mwa kila ubeti, ingawa umbo hilo lilikuwa limekwisha kukomaa tangu karne ya 18. Kinachoulizwa ni kama beti zake zina uhai. Umbo la kurithiwa ni mahali pa kufanyia kazi, na fundi mbovu huonekana humo haraka kuliko kwingineko.

Mpinzani atasema kwamba anayetaka kusikia Iron Maiden na awasikilize Iron Maiden, na kwamba sanaa isiyosonga mbele hufa. Lazima ikubalike kwamba zipo bendi nyingi zilizochukua mavazi ya ngozi, herufi zenye ncha kali na michoro ya mashetani kwenye majalada, zikasahau kutunga nyimbo, na hizo hazina utetezi. Lakini hoja ya mpinzani hudhani kwamba wakongwe wote wako salama, wanapigwa redioni na kujaza viwanja, ilhali ukweli ni kwamba kwa kila Iron Maiden mmoja wapo makumi waliosahaulika, na yeyote anayewaambia vijana wasiuguse mtindo huo anawafungia wakongwe hao mlango wa mwisho waliobakiwa nao.

Mmoja wa waliosahaulika aliishi mji uleule. Cirith Ungol, bendi ya Ventura iliyojipa jina la mahali katika masimulizi ya Tolkien, ilitoa kwa gharama yake yenyewe albamu yake ya kwanza, Frost and Fire, mwaka 1981, ikaendelea kwa taabu hadi albamu ya nne mwaka 1991, kisha mwaka uliofuata ikavunjika. Mpiga gitaa wake, Jerry Fogle, alifariki mwaka 1998 bila kuona jina la bendi hiyo likienziwa upya na wasikilizaji wa mbali ambao wengi wao hawakuwahi kuiona jukwaani. Mwaka 2015, mwaka uleule wa albamu ya kwanza ya Night Demon, lilianzishwa hapo Ventura tamasha ambalo Leatherby alikuwa mstari wa mbele katika kuliandaa, na jina walilolipa ni Frost and Fire.

Oktoba 2016, katika tamasha la pili, Cirith Ungol walipanda jukwaani tena. Mwimbaji Tim Baker na mpiga dramu Robert Garven walikuwepo, Greg Lindstrom na Jim Barraza walishika magitaa, na nafasi ya besi ikajazwa na Leatherby mwenyewe, mtu wa kizazi cha baadaye aliyekuwa ameambiwa na wakosoaji kwamba anaishi kwa mali ya wengine. Mwaka 2020, miaka 29 baada ya albamu yao ya nne, wakongwe hao walitoa Forever Black, na besi inayosikika chini ya sauti ya Baker tangu mwanzo wa albamu hiyo hadi mwisho ni yake.